UZI: Bunge lililowakataza vibarua kupandishiwa ujira. Uingereza baada ya tauni kuu, na ukoo wa neno "mzururaji"

Karani Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kijana wa jirani yangu alizolewa kwenye msako wa usiku, akalala ndani siku mbili. Kosa lake: uzururaji. Mama yake alikuja barazani kwangu khanga imelowa machozi, akaniuliza, "Baba, kuzurura ndiyo nini? Mwanangu alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza kahawa." Kwa kuwa nilikuwa karani wa mahakama miaka mingi, watu hudhani nina majibu. Sikuwa nalo. Nilimpa chai tu.

Usiku usingizi haukuja. Nikaanza kulifuata lile kosa kinyumenyume, kama mtu anayepanda na mto kutafuta chemchemi. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya 1930. Nyuma yake sheria ya Uingereza ya 1824 juu ya wazururaji. Nyuma yake nyingine, na nyingine tena, mpaka nikatokea Uingereza ya mwaka 1349, tauni inaua watu. Nawaletea nilichokikuta huko, maana si uzururaji peke yake. Wale jamaa wa karne ya 14 na 15 walitunga sheria za ujira, nguo, viatu, mpira, lugha ya mahakamani, hata za mtu kuwaza kifo cha mfalme.

Vuteni viti.

Tauni iliingia katikati ya 1348 kwa bandari za kusini. Ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, kati ya theluthi na nusu ya watu wote walikuwa wameshazikwa. Mashamba yapo, ngano imesimama, wa kuivuna hayupo. Na yule aliyebaki hai akaijua thamani yake. Jana alikuwa anachukua peni moja kwa siku, leo anataka mbili au tatu, na chakula cha mchana juu. Ukimbania anavuka kijito, anakwenda kwa bwana wa ng'ambo anayempokea kwa mikono miwili.

Tarehe 18 Juni 1349 Bunge la Mfalme Edward III likatoa sheria. Kila mtu mzima wa mwili aliye chini ya miaka 60, mwanamume kwa mwanamke, huru kwa mtwana (mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake), asiye na ardhi yake wala biashara yake, akihitajiwa kazini lazima aende. Ujira uwe ule wa kabla ya tauni. Anayeacha kazi kabla ya muda waliopatana: jela. Na kuna kifungu ambacho nilikisoma mara tatu: ni marufuku kumpa sadaka ombaomba mwenye nguvu zake, eti kwa kumhurumia, na anayempa afungwe. Maana yake ombaomba akose, njaa imrudishe shambani.

Hapo ndipo kijana wa jirani yangu alipoanza kutafutwa. Kabla ya hapo mtu asiye na kazi alikuwa fukara wa Mungu. Baada ya hapo akawa mhalifu.

Naendelea, ngoja niweke miwani vizuri.

---

Kibandani Daima

Nimeweka kambi hapa. Mzee shusha vitu.

---

Jalada la Bluu

Shikamoo mzee Karani. Uzi mzuri, ila niruhusu nikusahihishe mapema kabla wanafunzi wangu hawajaunakili: ya 1349 haikuwa sheria ya Bunge. Bunge lilikuwa limeitishwa Januari mwaka ule likaahirishwa kwa sababu ya tauni hiyohiyo. Kilichotoka Juni ni amri ya mfalme na baraza lake. Bunge lilikutana Februari 1351, na hapo ndipo amri ikageuzwa sheria yenye meno.

Tofauti hiyo si ya kuparura karatasi tu. Amri ni mfalme anasema. Sheria ya 1351 ni wabunge wenyewe wamekuja na malalamiko mkononi, kwamba vibarua hawaijali amri, kwamba wanaangalia raha zao na tamaa zao, hawafanyi kazi mpaka walipwe mara mbili au tatu ya kile cha zamani. Ni waajiri wanaongea.

---

Karani Mstaafu

Marahaba binti yangu. Nimepigwa na nimekubali. Amri 1349, sheria 1351.

Na umenifungulia mlango. Lile baraza la chini la Bunge lao, wapo wanaolitafsiri "Bunge la Makabwela". Msidanganyike na jina. Kabwela hakuwemo. Kila kaunti ilileta manaiti wawili, yaani wapanda farasi wa kivita wenye mashamba yao, na miji ikaleta matajiri wake. Juu yao malodi na maaskofu, nao wana mashamba makubwa zaidi. Ukikusanya chumba kizima cha watu wanaolipa vibarua ukawauliza tatizo la nchi ni nini, watakujibu ni vibarua.

Sasa angalieni jinsi 1351 walivyoingia ndani kama mnyapara na daftari. Kipindi cha palizi na kukausha majani ya mifugo: peni 1 kwa siku. Kuvuna nafaka: peni 2 wiki ya kwanza ya Agosti, peni 3 wiki ya pili. Kupura kipimo kimoja kikubwa cha ngano: peni 2 na nusu. Seremala mkuu peni 3, seremala wa kawaida 2. Mwashi mkuu wa mawe peni 4, waashi wengine 3, msaidizi wao peni 1 na nusu. Mwezekaji wa makuti yao ya kule (mabua na magugu) peni 3, kijana wake peni 1 na nusu. Wakandikaji wa kuta za udongo vivyo hivyo. Bila chakula wala kinywaji. Na hizo ni bei za kuanzia Pasaka mpaka mwisho wa Septemba, maana siku za baridi jua linazama mapema, ujira nao unapunguzwa.

Kisha sheria ikasema kibarua asipatane na mtu kichochoroni. Aje kwenye mji wa soko, zana zake mkononi zionekane, asimame mahali pa wazi, aajiriwe mbele za watu. Na kila mji uwe na mkatale tayari wa kumfungia miguu atakayekataa kula kiapo cha kuifuata sheria.

---

Mwiko Mkononi

Mzee subiri kwanza. Rudia hapo kwa mwashi na msaidizi.

Mimi ni fundi. Saa hizi naandika nikiwa kijiweni, tuko kama kumi na tano, kila mtu na mwiko wake na timazi yake miguuni, mwenye rangi ana brashi imesimama ndani ya kopo. Gari likipunguza mwendo tunainuka wote. Unataka kuniambia haya ya kusimama na zana mkononi waliandikiwa watu sheria miaka mia sita iliyopita?

Na fundi 4, saidia fundi 1 na nusu? Hiyo ni bei ya hapa hapa. Mimi nikichukua elfu arobaini kijana wangu namkatia kumi na tano. Nimepiga hesabu kwenye mfuko wa saruji, inakuja ileile kabisa. Nimebaki kucheka peke yangu, wenzangu wananiuliza nimetumiwa hela?

---

Karani Mstaafu

Fundi, nimecheka mpaka miwani imeanguka. Tofauti ni kwamba ninyi mnasimama pale ili mpatane bei. Wao walisimamishwa pale ili wasipatane. Kichochoroni mwajiri anaweza kukunong'oneza "nitakuongeza peni". Sokoni wapo majirani zake, wenye mashamba wenzake, wanamtazama.

---

Kibandani Daima

Swali la kizushi: kwani anayelipa zaidi hakuwa na kosa? Au sheria ni msumeno wa upande mmoja?

---

Jalada la Bluu

Kwenye karatasi alikuwa nalo. Aliyelipa zaidi alitakiwa kutozwa, tena mara kadhaa ya alicholipa. Amri ya 1349 iliwabana pia wauza vyakula, wachinjaji, waoka mikate, wagema pombe wa kule, wauze kwa bei ya haki. Lakini kesi zilizojaa kwenye mafaili ni za waliopokea. Waliwekwa mahakimu maalumu wa vibarua, na walikuwa haohao wenye mashamba wa pale mtaani. Kisha wakafanya ujanja ambao mimi kama mwanasheria nauvulia kofia: faini za vibarua zikaelekezwa kupunguza kodi ambayo kijiji chote kilidaiwa na mfalme. Kwa hiyo kila aliyekamatwa alikuwa nafuu kwa wengine. Jirani anakuchoma ili kodi yake ishuke.

Mwaka 1361 wakapandisha: kibarua anayetoroka achomwe chapa ya moto kwenye paji la uso, herufi F, ya neno la Kifaransa lenye maana ya uongo. Mwaka huohuo wakatunga sheria ya walinzi wa amani wa kila kaunti, ambao baadaye ndio waliobebeshwa kesi hizi. Sehemu ya sheria hiyo ya 1361 bado inatumika Uingereza hadi leo.

---

Mto wa Athi

Nawasalimu kutoka upande wa Machakos. Nimesoma nikanyamaza, sasa lazima niseme.

Mtu kulazimishwa kazi, kuacha kazi kuwa jinai badala ya kesi ya kudaiana, sisi huku tunalijua hilo kwa jina. Sheria ya Mabwana na Watumishi, 1906, nchi ikiitwa bado Himaya ya Afrika Mashariki. Mtumishi akiondoka kabla ya mkataba kwisha, polisi wanamtafuta. Halafu ikaja kipande: sheria ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza. Mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 lazima atembee nacho, alama za vidole zimo, mwajiri ameandika umeanza lini, unalipwa ngapi, umeachishwa lini. Babu yangu alikivaa shingoni kwenye kijaluba cha bati. Alipokufa tulikikuta sandukuni. Tulidhani ni cha tumbaku.

Uliza wako wa kule, mzee: hao Waingereza wenyewe walibebeshwa kipande?

---

Karani Mstaafu

Ndugu yangu wa Athi, umeniwahi. Walibebeshwa.

Bunge lilikutana Cambridge mwaka 1388. Likasema mtumishi au kibarua, mume kwa mke, asitoke kwenye tarafa yake kwenda kufanya kazi au kukaa kwingine, wala asisingizie anakwenda kuhiji, mpaka awe na barua yenye muhuri wa mfalme inayosema anakwenda kwa sababu gani na atarudi lini. Akikutwa barabarani bila barua: mkatale, na hatoki mpaka apatikane mdhamini kwamba atarudi alikotoka. Hiyo ya kusingizia hija inanifurahisha sana. Ina maana wapo walioaga wanakwenda kuzuru kaburi la mtakatifu, kumbe anakwenda kuvuna kaunti ya pili kwa peni 4.

Na mtoto aliyeshika jembe la ng'ombe mpaka kufika miaka 12, abaki kwenye jembe. Asipelekwe kujifunza ufundi. Ujira wa mwaka nao ukaandikwa: mchungaji wa kondoo shilingi 10, mwendesha jembe shilingi 7, mchunga nguruwe 6, mwanamke wa shambani 6. (Peni 12 ndiyo shilingi 1, shilingi 20 pauni 1. Shilingi yetu ilizaliwa huko.)

---

Chumvi ya Bahari

Assalaam aleikum wana ukumbi. Miye nipo Unguja, mambo ya Wangereza hayanishughulishi sana, ila lugha ndo kazi yangu.

Mnaandika "kibarua" tangu asubuhi na hakuna aliyesimama kuliangalia neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Kijikaratasi. Hapa Unguja zamani mtu wa kazi ya kutwa alikuwa akipewa kikaratasi chake cha kazi, na wengi wao enzi hizo walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Jina la karatasi likamganda mwenye kuishika. Kwa hiyo huyo mtu wa 1388 anayetembea na barua yake ya muhuri, kwa Kiswahili ndiye kibarua hasa. Sheria yao mkitaka kuifasiri muiite Sheria ya Vibarua, itakuwa mmepatia mara mbili.

---

Mto wa Athi

Aisee. Hilo sikuwahi kulifikiri. Asante sana ustadh.

---

Bonge la Gari

Hizi habari za watu waliokufa zamani zinatusaidia nini wakati bei ya sukari inapanda? Halafu mnasifu wazungu.

---

Mwiko Mkononi

Mkuu hakuna anayesifu hapa, soma kwanza. Mimi nimeshapata kitu cha kumwambia kijana wangu leo akidai nyongeza.

---

Karani Mstaafu

Bonge, karibu kahawa, hasira ni za njaa.

Naomba sasa niseme kile hasa kilichonifanya nifungue uzi. Ukisoma sheria hizi kama mtu anayetafuta kujua waliishije, zisome kinyume. Kila kilichokatazwa, kilikuwa kinafanyika. Na kila kilichokatazwa mara ya pili na ya tatu, kilikuwa kinafanyika kuliko mwanzo.

Chukua mavazi. Mwaka 1363 Bunge lilikaa likapanga nani avae nini. Mwendesha jembe, mchunga ng'ombe, mpuraji, na yeyote mwenye mali isiyofika shilingi 40, avae blanketi na kitambaa kizito cha rangi ya kutu, mshipi wa kitani, basi. Watumishi wa nyumbani wale nyama au samaki mara moja tu kwa siku, milo mingine maziwa na jibini. Mfanyabiashara mwenye mali ya pauni 500 aruhusiwe kuvaa kama mtu wa heshima mwenye ardhi inayomwingizia pauni 100 kwa mwaka. Soma tena hiyo. Mchuuzi anahitaji mara tano ndipo avae sawa na bwana mwenye shamba. Jiulize: kama wakulima walikuwa wanavaa matambara, sheria ilikuwa ya nini? Ni kwa kuwa mke wa mwendesha jembe alikuwa ameonekana kanisani na kilemba cha hariri, na mke wa naiti nyuma yake roho inamuuma. Haikumaliza hata miaka miwili, Bunge lililofuata likaifuta.

Lakini hawakuchoka. 1463 wakarudi: mtu aliye chini ya cheo cha lodi asivae kiatu chenye ncha ya kuzidi inchi 2, na asivae koti fupi ambalo akisimama wima halifuniki sehemu zake za siri na makalio.

---

Kibandani Daima

Hahahaa! Kumbe milegezo ilianza zamani. Bunge zima limekaa kupima makalio ya vijana.

---

Mwiko Mkononi

Na mpira? Ulisema kuna mpira.

---

Karani Mstaafu

Upo, kwenye ileile ya 1388. Watumishi na vibarua wawe na upinde na mishale, Jumapili na sikukuu wafanye mazoezi ya kulenga shabaha, waache mchezo wa mpira, wa mkono au wa mguu, na kamari za dadu, na kurusha mawe. Vita na Ufaransa vilikuwa vinakula wapiga mishale. 1410 wakairudia, safari hii na kifungo cha siku 6. Nchi iliyokuja kuifundisha dunia kandanda ilianza kwa kuifunga jela.

---

Jalada la Bluu

Mzee, nikuibie dakika. Mimi nawafundisha wanafunzi sheria mbili za kipindi hicho ambazo zinanigusa kuliko hizo za viatu.

Ya kwanza ni lugha. Mwaka 1362 Bunge lilikiri kwamba watu hawazijui sheria za nchi yao kwa sababu kesi zinaendeshwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi hawaifahamu. Mtu anashitakiwa, wakili wake anamtetea, na yeye mwenyewe amesimama pale haelewi hata neno. Ikaamuliwa kesi zizungumzwe kwa Kiingereza na kumbukumbu ziandikwe kwa Kilatini. Sheria yenyewe inayosema Kifaransa hakieleweki iliandikwa kwa Kifaransa. Na mawakili waliendelea kuandika taarifa zao za kesi kwa Kifaransa chao kibovu kwa karne nyingi tu. Mpaka 1733 ndipo Kilatini na Kifaransa vilipofukuzwa rasmi kwenye mafaili ya mahakama.

Mwaka 2021 Bunge letu lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kuna wakili mwenzangu alininong'oneza kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya kisheria. Nikamwambia hayo ndiyo waliyoambiwa Waingereza kuhusu Kiingereza. Alinuna.

Ya pili ni uhaini. Bunge la Januari 1352, ila wao mwaka wao ulianza 25 Machi, ndiyo maana vitabuni imeandikwa 1351, mwaka wa 25 wa Edward III. Kabla yake uhaini ulikuwa neno la mpira: mfalme na majaji wake wananyoosha watakavyo, na aliyepatikana na hatia ardhi yake yote inakwenda kwa mfalme. Malodi wakaomba liwekewe mipaka. Ikaorodheshwa: kupanga au kuwazia kifo cha mfalme, mkewe au mwanawe mrithi, kumwingilia mke wa mfalme au binti yake mkubwa ambaye hajaolewa, kupiga vita dhidi ya mfalme, kujiunga na adui zake, kughushi muhuri au fedha, kumuua mkuu wa hazina au jaji akiwa kazini. Na chini kidogo uhaini mdogo: mtumishi kumuua bwana wake, mke kumuua mumewe.

Sheria hiyo bado haijafutwa kule. Na nduguyetu wa Athi akichukua Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 40, atakuta "kuwazia" kifo cha Rais. Toa mfalme, weka Rais.

---

Mto wa Athi

Nimekitafuta sasa hivi. Ni kweli. Sasa wananijuaje nawaza nini?

---

Jalada la Bluu

Ndiyo swali ambalo mawakili wamelila kwa miaka mingi, kaka. Sheria hiyo ya uhaini ya 1351 ilitaka kitendo cha wazi kinachoonyesha hilo wazo.

Na kuna mtu mmoja wa huku kwetu, kwa maana fulani, aliyekufa kwa sheria hiyo. Roger Casement. Wakongo wanamjua: alikuwa balozi mdogo wa Uingereza, na ripoti yake ya 1904 ndiyo iliyofichua mateso ya watu waliolazimishwa kugema utomvu wa mpira kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alikuwa Mwairishi, na vita vya kwanza vilipoanza alikwenda Ujerumani kutafuta msaada wa kuikomboa Ireland. Aliposhitakiwa 1916, wakili wake akasema: sheria ya 1351 inamhusu anayejiunga na adui ndani ya ufalme, na Casement alifanya yote akiwa Ujerumani. Mwishoni mwa sentensi yake ya Kifaransa mna maneno "au kwingineko". Je, "kwingineko" inashika kujiunga na adui, au inashika tu kule msaada ulikopelekwa? Majaji wakaenda kuitazama hati yenyewe ya ngozi, wakitafuta alama ya kituo. Alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Kule wanasema alinyongewa mkato.

---

Chumvi ya Bahari

Inna lillahi. Mkato mmoja.

---

Kibandani Daima

Mzee Karani, turudi kwa vibarua. Walikaa kimya tu wakichomwa chapa?

---

Karani Mstaafu

Hawakukaa. Bunge lililokutana Northampton mwishoni mwa 1380 liliweka kodi ya kichwa ya shilingi 1 kwa kila mtu wa zaidi ya miaka 15, tajiri na maskini. Miaka mitatu nyuma ilikuwa peni 4. Mwisho wa Mei 1381 watoza kodi walifukuzwa Brentwood, Essex, na katikati ya Juni wakulima walikuwa ndani ya London. Walimkata kichwa askofu mkuu Sudbury, aliyekuwa pia mkuu wa serikali. Walitaka utwana ufutwe na ardhi ikodishwe peni 4 kwa eka. Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, akawaahidi na kuwaandikia barua za uhuru. Kiongozi wao Wat Tyler akauawa Smithfield tarehe 15 Juni, mbele ya mfalme huyohuyo, na barua zikafutwa.

Novemba Bunge likakutana. Wakaulizwa kwa niaba ya mfalme: je, mngependa watwana waachwe huru? Wakajibu kwamba hawatakubali kamwe, hata kama wote wangekufa siku moja.

Utwana ukafa hata hivyo, polepole, bila sheria kuufuta. Watu walihama tu. Mwenye shamba asiye na watu hana shamba, ana pori. Ila ule mlango wa Bunge wakaukaza: 1430 wakalalamika kwamba watu wengi mno wasio na mali wanajitokeza kupiga kura kwenye kaunti, wakaamua mpiga kura awe na ardhi huru ya kumwingizia shilingi 40 kwa mwaka. Ikadumu mpaka 1832.

Na kuhusu kijana wa jirani: ametoka, hakuna aliyemshitaki. Mama yake nimempa karatasi ya maoni ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ile iliyopo Arusha. Desemba 2020 ilisema sheria hizi za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika. Ameikunja akaiweka kwenye mkoba. Anasema wakija tena atawaonyesha.

---

Mwiko Mkononi

Mzee swali la mwisho, gari limekuja inabidi niinuke. Hiyo "bila chakula wala kinywaji" waliifuata kweli? Maana mimi fundi hajala hapandi jukwaa.

---

Karani Mstaafu

Hawakuifuata. Hapo ndipo walipopitia. Kwenye daftari bwana anaandika peni 3 kama sheria inavyotaka, halafu jikoni anaagiza mkate, jibini, na pombe ya kutosha, wengine na kapu la ngano la kupeleka nyumbani. Hakimu akija anaonyeshwa daftari.

Nenda fundi. Patana kabla hujapanda garini.